Karatasi ya Upepo

Kazini walimwita Mama Upepo, na jina likamkaa. Kila alfajiri, kabla puto halijatandazwa kwenye majani, yeye ndiye aliyesimama katikati ya uwanja na kipima upepo mkononi, akikiinua juu ya kichwa kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Alisoma namba, akaiandika kwenye karatasi ya siku hiyo, akaweka sahihi. Baadaye ndiye aliyeendesha gari la kufuata puto. Puto la hewa moto halina usukani, linakwenda linakopelekwa, na lazima watu wa chini walifuate kwa barabara mpaka litue, wawapokee abiria, walikunje na kulirudisha nyumbani. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka tisa. Aliyemfundisha ni rubani, na rubani ni shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja.

Sheria ya kampuni ilikuwa fupi. Upepo wa chini ukizidi kilomita kumi na tano kwa saa, puto haliruki. Mwenye neno la mwisho ni rubani. Bosi haamui, abiria haamui, mpima upepo haamui. Rubani akisema tunaruka, watu wanaruka, na likitokea la kutokea ni lake.

Asubuhi hiyo kipima kilisoma kumi na tisa.

Alisoma mara tatu, akahamia upande wa pili wa uwanja, akasoma tena. Kumi na tisa. Akaandika, akamfuata shemeji yake aliyekuwa ameinama ndani ya kikapu akikaza mirija ya mitungi ya gesi.

"Shem, kumi na tisa."

Rubani hakuinua kichwa. Nyuma yao abiria kumi na wawili walikuwa wanapigana picha. Ilikuwa familia moja, watoto na wakwe na wadogo wa mkunga mmoja aliyestaafu mwezi uliopita, na wote walivaa fulana za rangi moja zenye sura yake kifuani. Mkunga mwenyewe, mwanamke mfupi wa miaka sitini na minne, alisimama pembeni akionekana kuona haya kuwa amezungukwa na sura zake kumi na moja. Walikuwa wamekwisha kurudishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa ukungu na mara ya pili kwa mvua. Baadhi walitoka mbali na kesho yake walikuwa wanasafiri.

Simu ya rubani iliita. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, bosi" mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Kumi na tisa," Mama Upepo akarudia.

"Nimekusikia, shem." Akatazama vilele vya miti. "Tutaruka safari fupi. Dakika ishirini na tano, nashuka kwenye uwanda wa pili kabla jua halijaupa upepo nguvu. Kaa karibu tu."

Alikuwa amerusha puto kwa miaka kumi na minane, na hajawahi kumwaga hata kikombe cha chai cha abiria. Mama Upepo alimwamini kuliko alivyoamini breki za gari lake. Basi akanyamaza.

Feni ikawashwa, puto likajaa upepo baridi, vichomeo vikaunguruma, likasimama. Kikapu kilikuwa kimefungwa kwa kamba nene kwenye ndoano ya mbele ya gari, ili puto lisiondoke kabla ya wakati. Abiria waliingizwa, wakaonyeshwa jinsi ya kukaa wakati wa kutua: magoti yakunjwe, mgongo uegemee ukuta wa kikapu, mikono ishike vishikio vya ndani. Mkunga aliuliza kama mwenye magoti ya zamani anasamehewa. Walicheka.

Kazi ya kufungua ndoano ilikuwa ya Mama Upepo. Rubani huinua kidole gumba, naye huvuta. Wakati anasubiri kidole, akatupia jicho kipima kilichoning'inia shingoni mwake. Ishirini na tatu. Puto lilikuwa linavuta kiasi kwamba matairi ya gari yalisogea kwenye majani. Alijua angeweza kupunga mikono miwili juu ya kichwa, ishara ya kusimamisha kila kitu. Alijua pia kwamba watu wamekwisha kupanda, kwamba simu zao zinarekodi, kwamba shemeji yake amekwisha kuamua. Kidole kikainuka. Akavuta ndoano.

Puto lilipaa kama mtu aliyesukumwa mgongoni.

Gari lilikuwa na mtu mwingine mmoja tu wa kikosi cha chini, mzee wa kamba waliyemwita Fundo. Alishika redio na kutazama juu, Mama Upepo akatazama barabara. Walizoea puto linalotembea kama ng'ombe wa maziwa. Hili lilikwenda kama linachelewa mahali. Uwanda wa kwanza likaupita kwa dakika saba. Uwanda wa pili, ule wa kutua, likaupita likiwa bado juu mno, na walipofika pale walikuta vumbi tu.

"Shem, umeupita," akasema kwenye redio.

"Nimeupita." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Nataka shamba lolote lililo wazi. Niambie unaona nini mbele."

Mbele palikuwa na shamba lililolimwa, jeusi, kubwa. Kabla yake nyaya za umeme. Baada yake mapaa ya mabati, nyumba zimebanana.

"Nyaya. Halafu shamba lililolimwa. Halafu nyumba za watu, shem. Nyumba nyingi."

"Nimeziona nyaya."

Vichomeo viliwaka vyote viwili. Puto lililojaa watu halipandi papo hapo. Joto linahitaji muda, na kwa sekunde kadhaa likaendelea kuzielekea nyaya kana kwamba halijasikia. Fundo aliweka redio mapajani na kufumba macho. Mama Upepo hakuweza kufumba yake kwa sababu ndiye aliyekuwa anaendesha. Aliona kikapu kikiinuka kidogo kidogo, akaona kikipita juu ya waya wa juu kwa kiasi cha urefu wa mtu mmoja, labda wawili. Halafu vichomeo vikazimwa, kamba nyekundu ya kufungulia kilele cha puto ikavutwa, na kitu chote kikaanguka kuelekea kwenye shamba.

Kikapu kiligonga ardhi, kikaruka, kikagonga tena, kikalala ubavu. Kitambaa kilikuwa bado na upepo tumboni, kikakiburuza matuta kwa matuta. Mama Upepo alipita kwenye geti la miti la mtu bila kulifungua. Alipofika, puto lilikuwa limelala bapa, mita arobaini hivi kabla ya nyumba ya kwanza, na watu walikuwa wanatambaa kutoka ndani ya kikapu mmoja mmoja, weusi kwa udongo.

Alihesabu. Kumi na moja na rubani. Akahesabu upya. Kumi na moja na rubani.

"Mama yuko wapi?" binti mmoja akauliza.

Walimkuta nyuma, kwenye mfereji wa pili waliokwisha kuupita, ameketi wima, mguu mmoja umepinda pasipo na goti. Kiatu kimoja hakikuwepo. Rubani alifika kwanza, akapiga magoti kwenye udongo na kumshika mkono.

"Usinisogeze," mkunga akamwambia. "Mguu umevunjika, na mbavu nadhani. Kichwa kizima. Wengine wako salama?"

"Wako salama, mama."

"Basi vuta pumzi, baba, umekuwa rangi ya majivu. Nimezalisha miaka thelathini na minane, na sijaona mtoto aliyetoka kwa fujo kama sisi leo."

Hospitalini walisema mguu umevunjika mahali pawili na mbavu moja imepata ufa. Mkwe mmoja alipoteza meno mawili. Waliobaki walikuwa na michubuko. Mama Upepo aliposikia hayo, alikuwa amesimama kwenye korido. Akaketi sakafuni kando ya ndoo ya mfagiaji, akakaa hapo mpaka mfagiaji akamwomba ndoo yake.

Siku ya pili mamlaka ya anga ilisimamisha safari zote za kampuni na kutangaza uchunguzi. Kila mtu angeitwa baada ya wiki tatu. Mama Upepo alipokwenda ofisini kuitafuta karatasi ya upepo ya siku ile, faili lilikuwa tupu. Karatasi ya jana yake ilikuwepo, ya juzi ilikuwepo. Ya siku ile, hakuna. Bosi alikuwa mlangoni, akamwangalia akipekua.

"Karatasi hupotea," bosi akasema. "Tena ikipotea, kinachobaki ni kumbukumbu ya mtu. Na kumbukumbu ya mtu si kitu cha kuapia."

Aliondoka akiamini bosi ndiye aliyeichukua, ama shemeji yake. Lile la pili ndilo lililomnyima raha, kwa sababu shemeji yake alikuwa ameacha kuzungumza naye. Alimpigia simu mara nne, hakupokea. Alimpelekea ujumbe, akajibiwa kwa maneno matatu: "Tutaongea baadaye, shem." Walikutana dukani, akamsalimia kwa kichwa na kupita na mkate wake. Mtu aliyekuwa akimtania kila asubuhi kwa miaka tisa.

Wiki ya tatu dada yake alikuja nyumbani, akaketi jikoni bila kuvua mtandio, akawa anakunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza.

"Shemeji yako hali chakula," akasema. "Usiku halali. Nikimuuliza ananiambia niache. Mdogo wangu, nini kilitokea?"

"Upepo ulikuwa mkubwa, dada."

"Mkubwa kiasi gani?"

Akamwambia. Dada yake hakujua kilomita wala kipima, lakini kumi na tano na kumi na tisa alizielewa.

"Hakuna aliyekufa," dada akasema. "Yule mama anapona. Ukisema kumi na nne, nani atadhurika? Ni namba moja tu. Kumi na nne, na mume wangu anaendelea kuwa rubani, na watoto wako wanaendelea kuwa na baba mdogo anayeweza kuangalia watu usoni."

"Baba mkubwa," Mama Upepo akasahihisha. "Wewe ni mkubwa, yeye ni baba yao mkubwa."

"Usinichezee maneno."

"Sichezi, dada. Nitaona."

"Utaona nini?"

"Nitaona tu."

Dada yake aliondoka na hilo "nitaona" akilichukua kama ndiyo. Na kweli, kwa siku nne zilizofuata ilikuwa karibu na ndiyo. Alijizoeza mbele ya kioo cha bafuni: kumi na nne, bwana mwenyekiti. Ilitoka vizuri. Kilichomsumbua ni ile namba nyingine, ishirini na tatu, ambayo haikuandikwa popote na ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Kumi na tisa alikuwa amemwambia rubani, mara mbili, na rubani akaamua. Ishirini na tatu aliiona yeye, akanyamaza, akavuta ndoano.

Chumba cha uchunguzi kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ofisi. Meza ndefu, viti vya plastiki, feni ya dari yenye panga moja lililopinda. Watu watatu mezani, na aliyeongoza alikuwa mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni. Bosi alikuwepo na wakili wake. Mkunga alikuwa mstari wa mbele, mguu ndani ya plasta umewekwa kwenye kiti cha pili, magongo pembeni. Shemeji yake alikaa peke yake karibu na dirisha, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Dada yake alikuwa nyuma.

Mama Upepo aliitwa wa kwanza. Akaapa.

"Wewe ndiye uliyepima upepo siku hiyo?"

"Mimi."

"Ulisoma ngapi?"

Feni ya dari ilizunguka, kwa-kwa, kwa-kwa. Hakumtazama dada yake. Alimtazama mkunga, kwa bahati mbaya tu, kwa kuwa alikuwa mbele. Mkunga alikuwa anajikuna chini ya plasta kwa kijiti cha kufumia, uso umekunjamana, hamsikilizi mtu.

"Kumi na tisa," akasema.

Nyuma mtu alishusha pumzi. Alijua ni nani.

"Ulimweleza rubani?"

"Nilimweleza mara mbili. Alinisikia." Halafu akaona kwamba akiishia hapo atakuwa amemtupa shemeji yake mbele na kujificha nyuma yake. "Kuna nyingine. Kabla sijafungua ndoano nilitazama tena. Kilisoma ishirini na tatu. Hiyo sikuiandika na sikumwambia. Nilikuwa na ishara ya kusimamisha, sikuitoa. Yeye ndiye mwenye uamuzi, hilo najua. Lakini hakuijua ile namba, na mimi niliijua."

Wakili wa bosi akasimama, akasema kwamba kwa heshima zote hakuna karatasi inayothibitisha namba yoyote, na kumbukumbu ya mtu aliyepatwa na mshtuko haiwezi kuwa msingi wa jambo.

Mwenyekiti alivaa miwani yake, akafungua faili, akatoa karatasi yenye alama za vidole vya udongo.

"Hii ni sahihi yako?"

Mama Upepo alisogea. Kumi na tisa, kwa mwandiko wake, na sahihi yake chini.

"Ni yangu. Mmeipata wapi?"

"Rubani aliileta mwenyewe ofisini kwetu asubuhi ya siku ya pili, kabla hatujamwita. Pamoja na maelezo yake ya kurasa sita." Akageukia dirisha. "Tulimwomba asizungumze na shahidi yeyote mpaka leo, wala na mtu anayeishi na shahidi ama kuonana naye kila siku, isije ikasemwa amewafundisha. Naona alitii."

Mama Upepo hakumbuki vizuri jinsi alivyorudi kwenye kiti chake. Anakumbuka kwamba mikono yake ilikuwa ya baridi na ikaanza kupata joto, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyetoka kwenye maji.

Rubani aliitwa. Alisema aliambiwa kumi na tisa na akaruka. Alisema aliona aibu kuwarudisha watu mara ya tatu, na alijiamini kupita kiasi. Mwenyekiti akamuuliza kuhusu simu ya bosi.

"Alinipigia, aliniambia niwarushe. Lakini bosi hakuwa uwanjani. Kidole nilichoinua ni changu."

"Na hii ishirini na tatu?"

Akageuka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akamtazama shemeji yake. "Nimeisikia leo. Ningeambiwa siku ile, sijui ningefanya nini. Ningependa kusema ningesimamisha. Lakini kumi na tisa ilinitosha kusimamisha, na sikusimamisha."

Mwisho mkunga aliulizwa kama ana la kusema. Alisema hakutaka kusimama kwa sababu zinazoonekana. Alisema kazini kwake, kila mtoto aliyezaliwa vibaya waliketi mezani na kuambiana nani aliona nini na saa ngapi, na siku ambazo watu walidanganyana mezani ndizo zilizofuatiwa na mtoto mwingine. "Leo sijasikia uongo isipokuwa wa yule mwenye tai," akasema, na wakili akajifanya anatafuta kalamu.

Uamuzi ulitolewa baada ya chakula cha mchana. Leseni ya rubani ilisimamishwa miezi sita, na kabla ya kurudishiwa lazima arudie mafunzo na mtihani wa kuruka na mkaguzi ndani ya kikapu. Mama Upepo alipewa onyo la maandishi. Kampuni ilifungiwa mpaka iandike kwenye kanuni zake kwamba mpima upepo anaweza kuzuia safari na rubani hawezi kumpinga, na kwamba bosi haruhusiwi kumpigia rubani simu saa za kuruka. Bosi alitoka bila kumuaga mtu.

Miezi sita. Mama Upepo alikuwa amejiandaa kusikia amefungiwa maisha.

Nje, kwenye ngazi, dada yake alikuwa anamsubiri. Walitazamana.

"Ulisema utaona. Hukuona," dada akasema.

"Sikuona, dada. Nisamehe."

"Nilipokusikia ukisema kumi na tisa, nilitaka kukurushia kiatu." Akafuta macho kwa pembe ya mtandio. "Halafu ikatoka ile karatasi. Mume wangu, wiki tatu ananiangalia nikipika chakula asichokula, na hasemi. Nyinyi wawili mna mioyo ya aina gani?"

Rubani alishuka ngazi nyuma yao. Alikuwa ameshika begi la mkunga begani, la maua, maana mkunga alikuwa anashuka kwa magongo ngazi moja kila dakika, akikataa kushikwa na mtu yeyote.

"Shem," rubani akasema.

"Shem."

"Nilitaka kukuambia. Pale dukani nilikaribia kabisa."

"Nilidhani wewe ndiye uliyeificha ile karatasi."

"Nilidhani utakuja kusema kumi na nne ili kunisaidia. Nilikuwa naomba Mungu usiseme, maana ingebidi nikukanushe mbele ya watu."

Mama Upepo hakumwambia jinsi alivyokaribia kuisema. Dada yake alikohoa na kutazama barabarani.

"Kwa hiyo miezi sita," Mama Upepo akasema. "Kampuni ikifunguliwa, kikosi cha chini kina upungufu wa mtu. Fundo hawezi kushika feni peke yake, mgongo."

"Unaniajiri?"

"Nakufikiria. Utapanda nyuma. Na ukinitajia njia ya mkato nakushusha."

Rubani alicheka, kicheko kifupi kilichoanza kama kikohozi, halafu akaendelea kucheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Mkunga, aliyekuwa amefika ngazi ya tatu kutoka chini, alisimama na kuwatazama wote watatu.

"Mkimaliza," akasema, "kuna mtu hapa ana njaa, na watoto wake wamekwenda kuleta gari, saa nzima sasa."

Dada yake alisema nyumbani kuna chakula cha tangu jana ambacho hakuna aliyekila. Wakamwingiza mkunga kwenye kiti cha mbele cha gari la kufuata puto, wakasukuma kiti nyuma kabisa ili mguu ulale, na rubani akapanda nyuma kati ya kamba na redio. Mama Upepo aliwasha gari. Aliendesha polepole, dirisha wazi, na njia nzima hakutazama juu hata mara moja.